Chuma cha kawaida, kromoli, stenlesi au aluminiamu: mikono ya suspensheni ya kutengenezewa uifanye kwa ipi?

Ukiinua Suzuki Jimny kwa springi ndefu, simama nyuma yake uangalie matairi. Upande mmoja tairi limetokeza nje, upande wa pili limeingia ndani. Gari halijapinda. Anayefanya hivyo ni panadi rodi, ule mkono unaozuia aksli isicheze kulia na kushoto. Ncha moja imefungwa kwenye chesisi, nyingine kwenye aksli. Chesisi ikipanda mkono unasimama wima zaidi, na kwa kuwa urefu wake ni uleule, unaivuta aksli kuelekea upande ambako umefungwa kwenye chesisi. Wenye Land Cruiser 80, wenye Defender, na wenye Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999 zilizo na springi za koili mbele, wote habari hiyo wanaijua. Dawa yake ni mkono unaoweza kurefushwa na kufupishwa.

Mikono hiyo inauzwa ikiwa tayari, ila ukijumlisha usafiri na ushuru wengi wanaishia kwa fundi wa kukereza na wa kuchomelea, iwe Gerezani, Kariobangi au Changamwe. Fundi anauliza swali moja tu: tutumie chuma gani? Siku hizi jibu linalotoka haraka ni stenlesi, kwa sababu inang'aa na haishiki kutu. Kwa baadhi ya magari ni jibu zuri sana. Kwa mengi ni pesa ya bure, na kwa machache ni hatari, kwa kuwa mwenye gari anaamini amenunua nguvu kumbe amenunua kinga ya kutu.

Tunapima nini

Watu huchanganya ukakamavu na nguvu, na hapo ndipo mabishano mengi ya gereji yanapoanzia. Ukakamavu ni chuma kukataa kunyumbuka. Nguvu, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kikomo cha kupinda: mzigo ukikipita, chuma hakirudi tena kwenye umbo lake.

Chukua mkono ulionyooka wa milimita 900, bomba la kipenyo cha nje milimita 32 na ukuta wa milimita 5. Ukiusukuma kutoka ncha zote mbili, kwa hesabu ya vitabu utaanza kukunjika kwenye mzigo wa karibu tani 10. Mzigo huo unategemea ukakamavu na vipimo vya bomba. Chuma cha kawaida, kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu kidogo) na stenlesi vina ukakamavu unaokaribiana, kwa hiyo katika mkono ulionyooka na mrefu tofauti yao ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai.

Sasa upinde mkono huohuo katikati, utoke nje ya mstari kwa milimita 40 tu ili ukwepe difu, lile bonge la gia kwenye aksli. Mambo yanageuka kabisa. Chuma cha kawaida kinaanza kupinda kwenye tani 1.4 hivi, stenlesi 304 kwenye tani 1.1, na kromoli kwenye tani 2.4. Bomba halijabadilika, kilichobadilika ni kona ndogo. Ndiyo maana swali la kwanza kwa fundi lingekuwa "mkono huu utanyooka au utapinda?", na jina la chuma lije baadaye.

Vipimo vingine ni hivi: uchovu, yaani mipasuko inayozaliwa na mzigo mdogo unaojirudia mara mamilioni, kutu, namna chuma kinavyochomelewa na mafundi tulio nao, upatikanaji na bei, na kama mkono unaweza kurekebishwa gari likiwa limelala porini.

Hizi hapa namba za kawaida, mtu azitumie kama mwongozo (MPa na GPa hupima mzigo kwa kila eneo la chuma, na GPa 1 ni MPa 1,000):

| | Kikomo cha kupinda (MPa) | Ukakamavu (GPa) | Uzito (g/cm³) |
|---|---|---|---|
| Chuma cha kawaida | 250 | 200 | 7.85 |
| Kromoli 4130 | 435 | 205 | 7.85 |
| Stenlesi 304 na 316 | 205 | 193 | 8.0 |
| Aluminiamu 6061-T6 | 275 | 69 | 2.7 |
| Aluminiamu 7075-T6 | 500 | 71 | 2.8 |

Ndiyo, umesoma sawasawa. Stenlesi ya kawaida ndiyo ya mwisho kwa kikomo cha kupinda.

Chuma cha kawaida

*Nguvu.* Inatosha kwa kazi nyingi, sharti bomba liwe nene. Bomba lisilo na mshono, au lililovutwa baridi baada ya kuchomelewa, lina nguvu zaidi ya lile la MPa 250 nililoweka kwenye jedwali. Usikubali bomba la maji la mabati. Ukuta wake haukupangiwa kazi hii, na moshi wa zinki unapochomelewa humletea fundi homa. Faida kubwa ya chuma hiki ni kwamba kinapinda kabla ya kukatika. Utauona mkono umekunjika, uendeshe polepole hadi nyumbani.

*Uchovu.* Hapa hakizidiwi sana. Kwenye kiungo kilichochomelewa ufa huanzia ukingoni mwa mshono wenyewe, na uimara wa mshono dhidi ya uchovu haupandi kwa sababu tu umetumia chuma kikali zaidi. Aliyelipia kromoli kwa sababu ya uchovu huku mishono yake ni ya ovyo hajapata alichokilipia.

*Kutu.* Udhaifu wake mkubwa. Rangi hupigwa mawe, na ndani ya bomba hakuna anayepaka. Ziba ncha zote kabisa, au acha tundu la kutolea maji kisha unyunyize mafuta ya nta ndani.

*Kuchomelea.* Kila mtaa una fundi wake. Ila mwambie atumie elektrodi za 7018 zilizohifadhiwa pakavu, asitumie zile za 6013 anazojengea mageti. Porini hiki ndicho chuma rahisi kuliko vyote vinne kukiunga kwa betri mbili au tatu za gari zilizounganishwa mfululizo.

*Upatikanaji na bei.* Rahisi kuliko vyote, na mabaki ya bomba nene hupatikana hata kwa wanaouza vyuma chakavu.

*Anafaa nani.* Mwenye gari la kazi, la safari ndefu, la bara mbali na bahari, ambaye haoni aibu kupaka rangi kila baada ya msimu wa mvua.

Kromoli 4130

*Nguvu.* Ni chuma chenye takriban asilimia 1 ya kromiamu, asilimia 0.2 ya molibdenamu na asilimia 0.3 ya kaboni. Kikomo chake cha kupinda kinazidi cha chuma cha kawaida kwa zaidi ya nusu, na hapo ndipo thamani yake ilipo: mikono iliyopinda, mikono mifupi inayobeba mzigo wa breki, na mikono ya chini inayoburuzwa juu ya mawe.

Uzito wake ni sawa na wa chuma cha kawaida. Wepesi unaousikia ukisifiwa unapatikana tu pale unapopunguza unene wa ukuta, na ukiupunguza sana ukakamavu unaondoka nao.

*Uchovu na kuchomelea.* Nimeviweka pamoja kwa sababu haviachani. Kromoli inataka tigi (kuchomelea kwa sindano ya tangsteni ndani ya gesi ya agoni), chuma kilichosuguliwa hadi king'ae, waya wa ER70S-2 au ER80S-D2, na subira. Ukuta wa zaidi ya milimita 3 upashwe moto hadi nyuzi 150 hivi kabla ya kuchomelewa. Ukimaliza uachwe upoe wenyewe, mbali na upepo. Fundi akichukua kitambaa chenye maji akipozee mshono ili awahi kazi nyingine, chukua mkono wako uondoke, maana pembeni mwa mshono huo chuma kimekuwa kigumu na chepesi kupasuka.

*Kutu.* Kromiamu ya asilimia 1 haikingi chochote. Kinashika kutu kama chuma cha kawaida, na kwa kuwa watu hukitumia kikiwa chembamba, kutu ya milimita moja inauma zaidi.

*Upatikanaji na bei.* Kwa kawaida huagizwa. Omba cheti cha kiwanda kinachoendana na namba iliyoandikwa kwenye bomba, kwani kwa macho huwezi kukitofautisha na bomba jingine lolote jeusi.

*Anafaa nani.* Mshindani wa mbio, mtu wa Rhino Charge (yale mashindano ya magari ya porini ya Kenya), na yeyote anayelazimika kuupinda mkono na ana fundi wa tigi anayemwamini.

Stenlesi

*Nguvu.* Tuitenganishe kwanza. Ile 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Ile 316 inaongezewa molibdenamu ya asilimia 2 hivi ili ihimili chumvi. Zote mbili ni laini: kikomo cha kupinda kiko chini ya chuma cha kawaida, ingawa zinavutika sana kabla ya kukatika. Kwa mkono ulionyooka hilo si tatizo, ongeza ukuta kidogo tu. Kwa mkono uliopinda, nisingeichagua.

Iko pia 17-4, yenye shaba ndani yake, ambayo hukerezwa kwanza kisha hupashwa moto. Ikikaa saa nne kwenye nyuzi 552, kikomo chake cha kupinda hufika karibu MPa 1,000. Hii ni stenlesi ya suspensheni kweli, nzuri kwa pini na ncha zenye hesi. Wapo wanaoipasha kwa nyuzi 482 tu ili wapate ugumu wa juu kabisa. Kwa sehemu za gari, na hasa karibu na chumvi, wasifanye hivyo, kwa sababu katika hali hiyo ni rahisi zaidi kupasuka.

*Uchovu.* Mshono safi wa stenlesi hauna neno. Ila ufa wake ni mgumu kuugundua: kipimo cha sumaku na unga wa chuma hakifanyi kazi kwenye 304 na 316. Unahitaji ile rangi nyekundu inayopenya kwenye nyufa na dawa nyeupe ya kuifichua. Inapatikana kwenye makopo, na mwenye mikono ya stenlesi awe nayo.

*Kutu.* Hapa ndipo inapolipa, na hapa pia ndipo inapoeleweka vibaya. Karibu na bahari 304 hupata madoa ya kahawia ndani ya muda mfupi. Madoa hayo mengi ni ya juujuu, husafishika. Kinachoumiza ni mahali palipofichika, chini ya washa, ndani ya bushi, kwenye tope lenye chumvi lisilooshwa. Hapo hakuna hewa ya kutosha kuirudishia stenlesi ngozi yake ya kinga, ikaanza kutoboka vitobo vidogo. Kwa Mombasa, Tanga, Zanzibar au Maskati, chukua 316, na uoshe gari chini kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kushusha boti ufukweni.

Usiamini sumaku unaponunua. Stenlesi iliyopindwa au kuvutwa baridi hunaswa kidogo na sumaku ingawa ni 304 halali, na aina ya bei rahisi yenye manganizi nyingi, ile ya mageti na reli za ngazi, inaweza isinaswe kabisa. Hata hivyo bomba la reli za ngazi halifai kwa sababu nyingine: ukuta wake ni wa milimita moja na nusu tu au chini ya hapo. Tafuta bomba nene la viwandani, lile la kubeba presha. La inchi 1 la Schedule 80 (daraja la unene wa ukuta) lina kipenyo cha nje milimita 33.4 na ukuta milimita 4.55, na hilo ni bomba la kuanzia mazungumzo.

*Kuchomelea.* Stenlesi hutanuka kwa joto takriban mara moja na nusu ya chuma cha kawaida na kulisambaza joto lake ni theluthi tu. Matokeo yake inapinda mikononi mwa fundi mwenye haraka. Waya uwe 308L kwa 304, 316L kwa 316, na 309L pale unapoiunga na chuma cha kawaida. Ndani ya bomba ipitishwe gesi ya agoni. Bila hivyo upande wa ndani wa mshono unaungua na kuwa na chembechembe nyeusi, na ufa unaanzia hapo usipopaona. Jambo la mwisho ambalo mafundi wengi hulipuuza: diski ya grenda iliyokwisha kusaga chuma cheusi isiguse stenlesi. Inapandikiza vumbi la chuma, na wiki mbili baadaye mteja anarudi kulalamika kuwa ameuziwa stenlesi feki.

*Hesi.* Nati ya stenlesi juu ya hesi ya stenlesi hung'ang'aniana hadi zikawa kitu kimoja. Mkono wa kurekebishika ambao haurekebishiki ni kichekesho. Paka grisi ya nikeli au ya molibdenamu, au tumia ncha za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki.

*Upatikanaji na bei.* Bomba lenyewe lipo kwenye miji mikubwa kwa sababu ya viwanda. Bei kwa kilo ni mara kadhaa ya chuma cha kawaida, na kuikereza hula visu, kwa hiyo gharama ya fundi nayo inapanda.

*Anafaa nani.* Mtu wa pwani, mtu wa Uingereza au Ulaya ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na mtu wa maonyesho anayetaka chini ya gari pang'ae kama juu. Marekani watengenezaji wa magari ya kizamani yaliyoboreshwa wamekuwa wakiisugua stenlesi hadi iwe kioo kwa miaka mingi, na sioni ubaya wowote. Uzuri nao ni sababu. Lakini kumbuka DeLorean ya mwanzoni mwa miaka ya 1980: paneli za nje za mwili ni stenlesi 304, chesisi chini yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa epoksi, na wenye magari hayo leo wanahangaika na kutu ya chesisi.

Aluminiamu

*Nguvu.* Ukakamavu wake ni theluthi ya chuma, kwa hiyo haitumiki kwa kipenyo kilekile. Ili fimbo nzima ya aluminiamu ilingane na bomba letu la chuma la milimita 32, inabidi iwe na kipenyo cha milimita 40 hivi. Pima uzito: zote mbili zinakaribia kilo 3. Wepesi uko kwenye bomba la aluminiamu lenye kipenyo kikubwa, na hilo linataka nafasi ambayo chini ya Jimny haipo.

Sifa yake halisi ni nyingine. Fimbo nene ya 7075 ikigonga jiwe hunyumbuka kisha hurudi, pale ambapo bomba la chuma la kawaida lingebaki na bonde.

*Uchovu.* Chuma kina kiwango cha mzigo ambacho ukikaa chini yake hakichoki. Aluminiamu haina. Mkono wa aluminiamu una maisha yake, hata ukitunzwa, na unahitaji kukaguliwa na siku moja kustaafishwa.

*Kuchomelea.* Usichomelee. Pembeni mwa mshono 6061-T6 hupoteza karibu nusu ya nguvu yake, na 7075 haichomeleki kwa njia za kawaida. Ikerezwe kutoka fimbo nzima na hesi zikatwe ndani ya ncha zenyewe. Kwa fundi wa kukereza asiye na tigi, hii ni faida.

*Kutu.* Yenyewe ni nzuri. Ikikutana na bolti ya stenlesi na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Weka grisi au bushi ya plastiki katikati.

*Upatikanaji na bei.* 6061 hupatikana, 7075 kwa kawaida ni ya kuagiza.

*Anafaa nani.* Gari la mbio za lami lenye mikono iliyonyooka, na mpanda mawe aliye tayari kubadilisha mikono kwa ratiba.

Bolti, ambazo hakuna aliyeuliza

Wakati mkono unatengenezwa, mtu husema "na bolti tuweke za stenlesi zifanane." Soma kichwa cha bolti uliyoitoa. Ikiwa imeandikwa 10.9, inastahimili MPa 1,000 kabla ya kukatika na 900 au zaidi kabla ya kuvutika. Bolti ya stenlesi ya kawaida madukani imeandikwa A2-70: ni 700 na 450. Umeondoa bolti yenye nguvu mara mbili ukaweka ya urembo, tena mahali ambapo bolti moja ndiyo inayoishikilia aksli. A4-80 ni bora kidogo, 800 na 600, bado haifikii. Bolti za suspensheni ziwe za daraja lilelile la kiwandani, zilizopakwa zinki, zibadilishwe zikianza kuliwa. Kwa hili sina mizani, ni hapana.

Kulingana na hali yako

Gari ni la kila siku, uko Nairobi, Arusha au Dodoma, mkono umenyooka: chuma cha kawaida chenye ukuta wa milimita 5, mishono ya 7018, rangi ya zinki chini na rangi nyeusi juu. Pesa iliyobaki nunulia bushi nzuri.

Uko pwani na mkono umenyooka: stenlesi 316 ikiwa fundi wako ana tigi na agoni ya ndani. Kama hana, chuma cha kawaida kinachopakwa upya kila mwaka kitakuangusha mara chache kuliko stenlesi iliyochomelewa vibaya.

Uko pwani na mkono lazima upinde: kromoli au chuma cha kawaida kinene, na ukubali kazi ya kupaka rangi. Njia nyingine ni kuuliza kama mabano ya aksli yanaweza kuhamishwa ili mkono unyooke. Mara nyingi inawezekana, na inakufungulia milango yote minne.

Unashindana: kromoli kwenye gari, na mkono wa ziada wa chuma cha kawaida umefungwa juu ya paa, kwa siku ambayo tigi iko kilomita mia moja kutoka ulipo.

Gari ni la maonyesho na linatembea Jumapili: 304 iliyosuguliwa, ncha za 17-4 ukizipata, na grisi kwenye kila hesi.

Fundi wako ni mkerezaji hodari lakini si mchomeleaji: fimbo ya aluminiamu, na tarehe ya ukaguzi iandikwe kwenye daftari la gari.

Gari halijainuliwa, ila linavuta upande mmoja au linagonga chini: usitengenezewe mkono wowote bado. Shika tairi ulitikise, mwenzako aangalie bushi na boli jointi. Panadi rodi ya kiwandani yenye bushi mpya itafanya kazi yake kwa bei ya chini kuliko bomba lolote kati ya haya.